Safari ya Kibirizi na Mikono Yangu Iliyopasuka

Kigoma huitwa mwisho wa reli. Siku niliposhuka pale stesheni, mimi nilikuwa nimefika pia mwisho wa uvumilivu wangu. Kwa miaka mitatu mikono yangu ilikuwa ikiwasha na kutoa malengelenge madogo katikati ya vidole, kisha ngozi hukauka na kupasuka mpaka damu ikatoka. Usiku nilijikuna nikiwa usingizini. Asubuhi nilimwogesha mtoto huku nimeuma meno, maana sabuni ilinichoma kama pilipili kwenye kidonda.

Akina mama wenzangu, nanyi mnajua mikono ni nini katika nyumba. Ndiyo inayosonga ugali, inayofua, inayosuka nywele za mtoto, inayomkanda mgonjwa. Ikiugua mikono ya mama, nyumba nzima inaugua.

Ushauri niliupata kwa wingi. Mmoja aliniambia ni fangasi. Mwingine akasema ni damu chafu. Wa tatu akanivuta pembeni na kuninong'oneza kwamba nimetupiwa kitu. Niliosha kwa ndimu, nikapaka shubiri, nikapaka majivu. Nilinunua katika duka moja krimu isiyo na maelezo yoyote. Iliniponya kwa siku tatu, na nilipoiacha mwasho ukarudi mara mbili. Kanisani, wakati wa kusalimiana, baadhi ya dada walinigusa kwa ncha za vidole. Siwalaumu. Nami ningeogopa.

Mwishowe nilimwona mtaalamu wa ngozi. Alinitazama mikono yote miwili, akaniuliza maswali mengi kuhusu kazi zangu za nyumbani, akasema, "Mama, huu si ugonjwa wa kuambukiza. Ni mzio wa kugusa. Kuna kitu unachokigusa kila siku ambacho ngozi yako haikipendi." Akaniagiza niache vitu vyote vyenye harufu kwa wiki kadhaa, kisha nivirudishe kimoja kimoja ili nimjue adui.

Nilirudi nyumbani nikaanza kuhesabu. Sabuni ya kuogea, sabuni ya mche, sabuni ya unga, sabuni ya maji ya vyombo, jiki, dawa ya kupigia deki, losheni yangu, losheni ya watoto, mafuta ya nywele, marashi ya mume wangu. Nilipofika kumi na tano nikaacha kuhesabu. Nianzie wapi?

Ndipo simu ikaja kutoka Kibirizi. Mama mkwe ameteleza ufukweni, amevunjika mkono wa kulia, amefungwa hogo la wiki sita. Anahitaji mtu wa kumpikia, kumfulia na kumwogesha. Yaani anahitaji mikono, na mikono iliyotumwa ilikuwa hii yangu.

Kibirizi penyewe

Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka 1914. Ukishuka stesheni, Kibirizi iko mwendo mfupi upande wa kaskazini, ukifuata ufukwe. Ni mwalo, ni soko, ni bandari ya watu wadogo, vyote mahali pamoja. Maboti ya mbao yanayokwenda Gombe na vijiji vya kaskazini hupakia hapa. Watu hupanda na magunia ya unga, kuku, magodoro na watoto migongoni.

Mbele yako ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Jua likielekea kuzama, milima ya Kongo huonekana ng'ambo kama ukuta wa rangi ya bluu. Usiku usio na mbalamwezi, ziwa hujaa taa za wavuvi wa dagaa, ukadhani ni mji mwingine umejengwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za jua. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa kuwa dagaa hawafuati taa wakati anga lote lina mwanga.

Alfajiri ndiyo saa ya akina mama. Mitumbwi inaingia, ndoo zinapokelewa, bei zinapigwa kwa Kiswahili na Kiha kwa pamoja. Kisha dagaa hutandazwa juani, wengine kwenye vichanja, wengine chini, na wanawake huinama kuwageuza mpaka mchana. Pembeni kuna migebuka iliyokaushwa kwa moshi, vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kongo, madumu ya mawese mekundu kama udongo wa Kasulu, na vipande vya sabuni iliyotengenezwa kwa mawese hayo hayo, ambayo wenyeji wengi huiita gwanji.

Usiku wa kwanza

Nilimkuta mama mkwe ameketi barazani, mkono umening'inizwa shingoni kwa khanga. "Mwakeye," akanisalimu. Nikapiga magoti kumpa shikamoo, na mikono nikaificha ndani ya kitenge.

Lakini mpishi hawezi kuficha mikono. Jioni ile nilisonga ugali wa muhogo, nikaunga dagaa kwa mawese, nikamtengea. Aliangalia sahani, akaangalia vidole vyangu, akasema hana njaa. Baadaye nikiwa uani nilimsikia akimwomba wifi yangu amkorogee uji.

Nilitoka nikaenda ufukweni nikalia. Taa za wavuvi zilikuwa nyingi usiku ule. Nilimwambia Mungu kwamba nimekuja kusaidia, na chakula changu kimekataliwa.

Asubuhi nilijikaza. Nilimwambia mama yote aliyoniambia mtaalamu: kwamba haiambukizi, kwamba watoto wangu nawapikia miaka yote na ngozi zao ni safi, kwamba si uchafu na si kutupiwa kitu. Alinisikiliza kimya mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto. "Nionyeshe," akasema. Akaishika mikono yangu, akaigeuza huku na huku kama mtu anayechagua samaki. "Inauma?" Nikamjibu inauma. "Basi nipe ule ugali wa jana. Usimwagwe."

Aliula umepoa, kwa mkono wa kushoto, na kwa watu wa umri wake kula kwa mkono huo si jambo dogo. Sitasahau.

Nyumba yenye vitu vichache

Sikujua kwamba nilikuwa nimeingia katika nyumba niliyoihitaji. Kwa mama mkwe kuna sabuni ya aina moja tu: kipande cha sabuni ya mawese, ambacho huogea, hufulia na kuoshea vyombo. Masufuria husuguliwa kwa mchanga na majivu. Ngozi na nywele hupakwa mise, yaani mafuta yanayokamuliwa kutoka kiini cha mbegu ya mchikichi. Losheni hakuna. Marashi hakuna. Losheni yangu mwenyewe niliiacha ndani ya begi, kwa kuwa niliona aibu kujipaka manukato mbele ya mgonjwa.

Wiki ya kwanza mwasho ulipungua. Wiki ya pili nilianza kulala usiku kucha. Wiki ya tatu nyufa zilikuwa zimefunga, na ngozi mpya ya waridi imetokeza kwenye vidole. Nilipiga picha nikamtumia mume wangu. Mama mkwe alifurahi, akasema ni maji ya ziwa, akanikumbusha habari ya Naamani na Mto Yordani. Mimi nilisema ni sabuni ya mawese. Sote wawili tulikuwa tumekosea, ila hatukujua.

Mpenzi msomaji, hapa ndipo nilipotaka kufanya kosa kubwa. Nilikwenda sokoni kwa mama mmoja mtengeneza sabuni, nikalipia katoni mbili. Nilikuwa nimekwisha kupanga: nitawauzia dada zangu wa kikundi cha kanisani, niwaambie hii ni sabuni ya asili, haina kemikali, inaponya ngozi. Niliona ni huduma na ni biashara kwa pamoja.

Wiki hiyo hiyo kipande cha nyumbani kiliisha. Nikafungua katoni moja, nikatoa vipande viwili. Vilikuwa vizuri, vya rangi ya kijani, vinanukia limau. Nikaogea, nikafulia. Siku ya kwanza salama. Siku ya pili jioni vidole vikaanza kuwasha. Siku ya tatu malengelenge yakarudi.

Kwanza niliwasingizia migebuka niliyoitumbua mchana ule. Ni mama mkwe aliyeuliza swali ambalo mimi, msomi wa mjini, sikuliuliza: "Hiyo sabuni mpya, ameweka nini?"

Kumuuliza aliyetengeneza

Nilirudi sokoni nikiwa na kipande mkononi. Yule mama hakukasirika. Alinivutia kigoda, akanieleza kazi yake hatua kwa hatua. Mawese huchemshwa kwanza ili wekundu upungue. Kostiki soda huyeyushwa katika maji, pembeni, kwa uangalifu, kwa kuwa inaunguza. Vikipoa huchanganywa na kukorogwa mpaka vizito, humiminwa kwenye kisanduku cha mbao, na vikiganda hukatwa vipande. Halafu sabuni huachwa ikauke kwa wiki kadhaa. Ikiuzwa mapema, soda ambayo bado haijaungana na mafuta hubaki inauma ngozi ya mtu yeyote, awe na mzio au asiwe nao.

"Na hii ya kijani?" nikauliza.

"Hii nimetia rangi na manukato. Wateja wa mjini hawataki sabuni inayonuka mafuta. Ile anayonunua mama mkwe wako haina kitu, ni mafuta, maji na soda basi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Maji ya ziwa hayakuniponya. Kwa kweli maji ya Tanganyika yana hali ya magadi, na magadi hukausha ngozi. Sabuni ya mawese nayo haikuniponya. Nilipona kwa sababu adui yangu hakuwamo katika nyumba ile, naye aliporudi amevaa jina la "asili", ngozi yangu ilimtambua.

Yule mama alibadilisha katoni zangu, akanipa chache alizokuwa nazo zisizo na manukato. Biashara ya kikundi niliiacha. Nilifikiria dada mmoja mwenye ngozi kama yangu akiinunua ile ya kijani kwa sababu mimi nimemwambia inaponya, nikaona aibu.

Mzio wa kugusa ni nini?

Niliporudi nyumbani nilifuatilia jambo hili, na baadaye nikapata nafasi ya kupimwa. Kipimo chenyewe kilibuniwa na daktari Josef Jadassohn mwaka 1895, na mpaka leo msingi wake ni uleule. Vibandiko vidogo vyenye vitu mbalimbali hubandikwa mgongoni, huachwa kwa siku mbili, hutolewa, na mgongo huangaliwa tena siku zinazofuata. Mimi nilivimba mahali pawili: kwenye manukato na kwenye nikeli, ile madini inayotiwa katika hereni za bei nafuu, vifungo vya sidiria na bakoli za mikanda. Nikakumbuka kwamba tangu usichana hereni zilinitoa usaha.

Mambo manne yalinifungua macho, nayo yanastahili kujulikana na kila mama.

Kwanza, mzio si sawa na kuunguzwa. Sabuni kali, soda, jiki na kulowa maji kutwa nzima huharibu ngozi ya mtu yeyote. Wale akina mama wa Kibirizi wanaoshika samaki na chumvi tangu alfajiri wana mikono iliyopasuka, na wengi wao hawana mzio wowote. Ila ngozi iliyopasuka hufungua mlango, na mzio huingia kwa urahisi zaidi.

Pili, mzio huchelewa. Mara nyingi mwasho huanza siku moja hadi tatu baada ya kugusa. Ndiyo maana tunawasingizia samaki wa leo, kumbe mkosaji ni sabuni ya juzi.

Tatu, kitu ulichokitumia miaka kumi bila shida kinaweza kukugeuka. Mwili hujifunza kukikataa, na ukishajifunza kwa kawaida hausahau. Kwa hiyo usiseme, "Hii siyo, nimeitumia tangu nimeolewa."

Nne, hatuko peke yetu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2019, tafiti ambazo nyingi zilifanywa Ulaya, ulionyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 ana mzio wa kugusa wa kitu fulani, na nikeli ndiyo inayoongoza.

Maneno ya kwenye lebo

Kibirizi nilikuwa na bahati moja kubwa: aliyetengeneza sabuni alikuwa ameketi mbele yangu, nikamuuliza. Dukani mtengenezaji hayupo. Kuna lebo tu, na lebo ina hila zake.

Neno "asili" halina maana ya salama. Mafuta ya mchaichai, ya lavenda na ya mti wa chai hutoka kwenye mimea, na yote yanaweza kuleta mzio. Maneno ya kwamba bidhaa haina mzio, katika nchi nyingi hayana kipimo cha kisheria nyuma yake. Bidhaa iliyoandikwa kwamba haina harufu inaweza kuwa imetiwa manukato machache ili kufunika harufu ya mafuta. La kuangalia ni orodha ndogo ya nyuma. Ukiona "Parfum" au "Fragrance", hayo ni manukato. Ukiona majina kama linalool, limonene au geraniol, hayo pia ni manukato, yametajwa kwa majina yao. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2005 watengenezaji walitakiwa kutaja manukato 26 yanayosumbua watu zaidi, na mwaka 2023 orodha hiyo iliongezwa ikapita 80.

Kuna adui mwingine katika losheni, sabuni za maji na hata rangi za kuta: kihifadhi kinachoandikwa Methylisothiazolinone. Kiliwaletea mzio watu wengi hata madaktari wa Marekani wanaoshughulikia mzio wa kugusa wakakitangaza kuwa kisababishi cha mwaka 2013. Umoja wa Ulaya ulikikataza mwaka 2017 katika vipodozi vinavyobaki juu ya ngozi. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu kwa kawaida hayahitaji kihifadhi kama hicho, kwa kuwa hayana maji. Ndiyo maana mara nyingi kopo la bei ndogo ni salama kuliko chupa ya bei kubwa.

Nitaje na jambo la sherehe. Nikiwa Kibirizi, jirani yetu alikuwa anaozesha huko Ujiji, na binti wa wifi alitaka kuchorwa piko. Hina safi, ile ya rangi ya kahawia inayohitaji saa nyingi kukolea, ni nadra kuleta shida. Piko nyeusi ni jambo jingine. Mara nyingi huwa ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na inaweza kuacha malengelenge yenye umbo la maua yaliyochorwa. Aliyedhurika mara moja anaweza kushindwa kutumia rangi ya nywele maisha yake yote. Binti alichorwa hina, akapendeza.

Namna ya kumtafuta adui nyumbani

Si lazima usafiri mpaka Ziwa Tanganyika. Unaweza kuifanya nyumba yako iwe Kibirizi kwa muda. Nimefanya hivi:

1. Punguza. Kwa wiki nne baki na vitu vitatu: sabuni moja ya kipande isiyo na harufu wala rangi, iliyokauka vizuri, mafuta ya mgando yasiyo na harufu, na chumvi au majivu kwa masufuria, lakini yashikwe na mtu mwingine au kwa kitambaa, maana nayo hukwaruza. Vingine viweke kwenye boksi, usivitupe.

2. Waombe walio nyumbani wakusaidie. Losheni ya mtoto unayompaka wewe inagusa mikono yako. Marashi ya mume yanakufikia shingoni. Mume wangu alikubali kuyaacha mwezi mzima, nami nilimshukuru kwa migebuka niliyorudi nayo.

3. Andika. Chukua daftari, kila jioni andika ulichogusa na hali ya mikono. Mwasho ukitokea, soma siku tatu za nyuma.

4. Rudisha kimoja kimoja, na ukijaribu kwanza. Kama ni losheni au mafuta, paka mahali padogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba mpaka kumi. Kama ni sabuni, oshea sehemu hiyo na usuuze kama kawaida. Usiiache sabuni ikakauka juu ya ngozi. Pakiwasha au pakiwa pekundu, umempata. Usijaribu rangi ya nywele wala jiki kwa njia hii.

5. Linda mikono. Kwa kazi za maji vaa glavu za plastiki, na ndani yake glavu za pamba. Glavu za mpira nazo huwaletea wengine mzio, kama vile ndala za mpira zinavyowasha miguu ya baadhi yetu. Kausha mikono vizuri, kisha paka mafuta kabla haijakauka kupita kiasi.

6. Angalia vyuma. Saa, hereni, pini, kifungo cha suruali. Ngozi ikiwa na alama mahali chuma kinapogusa, shona kitambaa kati ya chuma na ngozi.

7. Jihadhari na krimu zisizo na maelezo, hasa za kung'arisha ngozi. Nyingine zimefichwa dawa kali za steroidi. Hizo hunyamazisha mwasho huku zikiifanya ngozi kuwa nyembamba, na ukiacha moto unawaka upya. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini Tanzania uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Tafuta alama yake.

Na usikae nyumbani ukiona uso au macho yamevimba, usaha, homa, au pumzi inabana. Hayo ni ya hospitali, siku hiyo hiyo. Hata bila hayo, mwasho unaorudi miezi na miezi unastahili kuonwa na mtaalamu wa ngozi. Nchi yetu inao. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimewafundisha wataalamu waliotawanyika Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Uliza hospitali ya mkoa wako.

Siku ya kuondoa hogo

Wiki ya sita hogo la mama mkwe lilikatwa. Mkono ulitoka mwembamba, mweupe kwa vumbi, unanuka. Tulicheka sana. Kesho yake alisisitiza kwenda ufukweni mwenyewe. Tuliinama pamoja tukaosha masufuria, yeye kwa mkono uliopona polepole, mimi kwa mikono iliyofunga nyufa, ndani ya glavu. Akina mama waliokuwa wakigeuza dagaa walimtania kwamba mkwe wake wa mjini anaogopa maji. Akawajibu, "Haogopi maji. Anajua kisichompenda."

Nilipomwambia kwamba si ziwa lililoniponya, alinyamaza kidogo, akatazama maji. "Basi," akasema, "tumelisifu bure." Kisha akaongeza kwamba hata hivyo ni Mungu aliyenileta kwenye nyumba isiyo na kitu, na kwa hilo sikuwa na la kubisha.

Mikono yangu haijapona kabisa, wala mzio wangu hautaondoka. Nikisahau nikashika sabuni ya wageni, siku ya pili ninakumbushwa. Lakini ninapika, ninamwogesha mtoto, na kanisani ninashikana mikono na kila mtu. Mama mkwe hunipigia simu siku za soko. Baada ya salamu na habari za watoto, hunieleza bei ya dagaa, na kwamba amemwona yule mama wa sabuni, na kwamba kabla ya kununua amemuuliza tena: "Humu umeweka nini?"

Swali hilo nami nalirithisha kwako, dada yangu. Usione haya kuliuliza.